Lima kwenye dirisha, lakini usiwape wakubwa udhuru

Kulikuwa na mafunzo ya vijana hapa Kamina. Sitataja aliyeyaandaa, juu tatizo si lake peke yake. Walituonyesha picha ukutani: mabomba meupe yamepangwa safu-safu, taa za zambarau, saladi za kijani zimenona sawa vile za hoteli. Mwalimu akasema hii ndiyo hidroponiki, kulima kwa maji bila udongo, na inawezekana ndani ya nyumba, kwenye dirisha tu. Akasema kuanzia leo kijana wa mjini hana tena ruhusa ya kulia kwamba hana shamba. Watu wakapiga makofi. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Na umeme ya pompi, tutaitosha wapi?" Sala yote ikacheka. Mwalimu naye akacheka, akapita kwenye picha inayofuata.

Mimi nilirudi nyumbani na lile swali. Ninapanga chumba kimoja huko Dimayi. Parseli yetu ina nyumba tatu, choo kimoja, kisima kimoja, na uwanja ambao kila kipande chake kina mwenyewe: hapa wanaanika mihogo, pale makala, pale moto wa kupikia. Mpangaji hapewi hata mita moja ya kupanda lenga-lenga. Wengi wenu mnaosoma hapa mko vilevile. Mnanunua fungu sokoni kila jioni, na mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kikali, fungu linakuwa dogo na bei inabaki kubwa. Kwa hiyo nilijaribu. Ninataka niwaambie kweli ni nini ilifanikiwa na nini ilikufa, halafu niseme juu ya nini ninaogopa neno lile la "hana tena ruhusa ya kulia".

Kwanza, jambo lenyewe si uchawi. Aliyefika ziwa Kisale, humu humu jimboni kwetu, ameona mafunjo yanavyoelea, mizizi ndani ya maji, hayakushika udongo wa chini, na wavuvi wanajenga vibanda juu yake. Mmea hauhitaji udongo kama udongo. Unahitaji maji, hewa kwenye mizizi, mwanga, na chumvi-chumvi ambazo kwa kawaida udongo ndio unazitunza: nitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, na nyingine kidogo sana kama chuma. Ukiviweka hivyo ndani ya maji, mmea unakula.

Habari ya madirisha ilianza kujulikana sana mwaka 2009. Huko Brooklyn, New York, Britta Riley na wenzake walitundika chupa za plastiki moja juu ya nyingine kwenye dirisha, na pompi ndogo ya hewa, ile ya wanaofuga samaki ndani ya kioo, ikawa inapandisha maji. Waliachia kila mtu ramani yake bure, na watu wa miji mingine wakaiboresha. Ni kitu kizuri. Lakini New York pompi haizimiki. Kwetu ikizimika mchana mmoja wa jua, mizizi iliyokuwa inanyeshewa kidogo kidogo inakauka, na mavuno yako yamekwisha.

Aliyetusaidia sisi bila kutujua ni mwalimu mwingine, Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Yeye aliondoa pompi kabisa. Unachukua chombo, unakijaza maji yenye mbolea, unafunika, unatoboa kifuniko, unaweka mche ili mizizi iguse maji. Mmea unakunywa, maji yanashuka, na nafasi inayobaki juu inakuwa hewa. Mizizi ya chini inakunywa, ya juu inapumua. Hakuna umeme, hakuna kelele. Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni huruma: anaona maji yamepungua, anajaza tena mpaka juu. Mizizi iliyozoea hewa inazama na mmea unaoza. Ukiongeza, ongeza kidogo, usifunike mizizi ya juu.

Mimi nilianza na bidoni tatu za mafuta za lita tano. Nilikata tundu kwenye kifuniko, nikaweka kipande cha sponji ya godoro la zamani, mbegu ndani. Wiki ya pili Mamu wa parseli akanisimamia mlangoni.

"Mwana, sasa unalima mu nyumba? Shamba iliisha?"

"Mamu, shamba yangu njo hii."

Akachungulia ndani ya bidoni moja, akaniangalia, akaibeba mpaka nje akaimwaga bila kuniuliza. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza humo. Alikuwa na haki. Mji wenye malaria kama wetu, mtu anafuga mbu mita moja toka kitanda chake, halafu anajiita mwenye maendeleo! Tangu siku hiyo kila tundu ninaliziba kwa kitambaa kuzunguka shina, na bidoni ninazifunga kwa mfuko mweusi au ninazipaka matope ya makala. Giza hilo linasaidia pia upande mwingine: mwanga ukiingia ndani ya maji yenye mbolea, yanageuka kijani kwa ukoga, na ukoga unakula chakula cha mmea wako.

Kifo cha pili kilikuwa cha mbolea. Nilichukua urea, ile ya wenye kulima mahindi, nikatia kijiko kidogo. Siku nne, miche yote imeungua. Rafiki aliyesoma kilimo alinieleza: urea shambani inageuzwa kwanza na vijidudu vya udongo kabla mmea haujaila vizuri. Ndani ya bidoni safi vijidudu hivyo havipo vya kutosha. Nikajaribu NPK, nikaiyeyusha, nikachuja mchanga wake. Hapo majani yalitoka, lakini yale machanga yalikuwa yanakauka pembeni, alama ya kukosa kalsiamu. Wengine wanatia maji ya majivu. Majivu yana potasiamu na kalsiamu kweli, lakini yanafanya maji yawe makali upande wa chokaa, na hapo mmea unashindwa kuvuta chuma. Kidogo sana, ndiyo. Kikombe kizima, hapana. Na anayekushauri utie maji ya mavi ya kuku, mwambie aende nayo shambani. Ndani ya chumba yananuka, na jani la kula bichi haliguswi na kitu hicho, tena katika jimbo ambalo kolera haijawahi kutuaga.

Dawa ya kweli ni nitrati ya kalsiamu na chumvi ya magnesiamu, pamoja na mbolea ya kuyeyuka yenye vitu vidogo vidogo. Vinauzwa. Lakini niliyoyapata mimi yaliletwa toka Lubumbashi, na mzigo ulikaa njiani kuliko mche ulivyokaa kwenye sponji. Shikeni hapo, nitarudi.

Dirisha sasa. Kamina iko kusini ya ikweta, karibu digrii tisa. Toka mwezi wa tatu mpaka katikati ya mwezi wa kumi, jua la saa sita linainama upande wa kaskazini. Kwa hiyo mtu mwenye dirisha linaloangalia kaskazini ana bahati wakati wa kiangazi, ndio ule ule wakati mboga zinakuwa ghali. Mwenye dirisha la kusini atangoje mvua, au atoe bidoni barazani asubuhi na kuzirudisha jioni kama mtoto anayerudi shule. Na tusidanganyane: nyumba nyingi za matofali ya udongo hapa zina dirisha dogo, mbao, na chuma cha kuzuia mwizi. Mwanga unaopita hapo hautoshi nyanya. Hautoshi hata lenga-lenga, juu lenga-lenga inapenda jua kali usoni. Kinachokubali mwanga nusu ni majani ya kitunguu, seleri, mnanaa, saladi kidogo. Majani ya kitunguu ndiyo ya kwanza ningewashauri. Unachukua vitunguu vilivyochipuka jikoni, unaviweka mizizi ikigusa maji, unakata majani, yanarudi.

Saladi moja kwa njia hii inakunywa kama lita nne toka mche mpaka mavuno, wiki tano au sita. Kumi ni lita arobaini, bidoni mbili za kisimani. Nani hapa hawezi kuchota bidoni mbili kwa mwezi mmoja na nusu? Bustani ya udongo ya ukubwa huo inakunywa nyingi kuliko hapo, na sehemu kubwa inapotea chini au inakwenda na jua. Kwa hesabu ya maji, dirisha linashinda, sibishani.

Wandugu wengine wataniambia: sisi ni watu wa kudai haki, mambo ya saladi yametoka wapi? Yametoka kwenye sahani. Mtoto anayekula bukari na chumvi siku tatu kwa wiki, hilo ni jambo la siasa kuliko hotuba nyingi nilizosikia. Jani la kijani lina vitamini A na chuma, vitu ambavyo unga wa mahindi mweupe hauna vya kutosha. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya na ya usalama wa chakula inahakikishwa. Kifungu cha 48 kinaongeza nyumba inayofaa, maji ya kunywa na umeme. Someni vifungu hivyo viwili pamoja, halafu rudini kwenye ile picha ya mabomba meupe. Kila kitu kilichokosekana ili ile picha iwezekane Kamina kimeandikwa humo: maji safi, umeme, chumba chenye dirisha.

Njo hapo woga wangu unaanzia. Laini ya umeme ya Inga–Kolwezi ina urefu wa karibu kilomita 1,700. Inavuka nchi ili kulisha migodi, na chini ya nyaya zake watu wanawasha taa ya mafuta. Nchi iliweza kufanya hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo tunaambiwa tujipange na chupa. Mtu mwenye bajeti anapokuja kukufundisha chupa, anakupongeza kwa ubunifu, anapiga picha na wewe, hakuna siku atakayoulizwa bajeti ilikwenda wapi. Mwaka 2003, huko Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 10 ya matumizi ya serikali kwenye kilimo. Rais wetu naye amerudia mara nyingi kwamba udongo utalipiza kisasi juu ya madini. Basi tuonyeshwe, kwa karatasi, bajeti ya jimbo la Haut-Lomami inaweka nini kwenye kilimo, na kiasi gani kimetoka kweli. Swali hilo halihitaji pompi.

Tena si kweli kwamba hakuna mfano wa serikali na wafadhili kufanya kitu kinachoonekana. Toka mwaka 2000, FAO, kwa pesa ya Ubelgiji, iliunga mkono bustani za mijini katika miji mitano: Kinshasa, Lubumbashi, Likasi, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Kamina haikuwemo. Angalieni walifanya nini huko. Walihangaikia hati za ardhi, yapata hekta 1,600 za bustani zikapata haki ya kulimwa na watu wapatao 20,000, walitengeneza mifereji ya maji, walitafuta mbegu nzuri. Kazi ya boksi la kugawa siku ya ufunguzi haikuwa ndiyo kiini. Bustani zilishika juu mlimaji alijua kesho hafukuzwi.

Hapa kwetu anayelisha mji ni mama anayelima bondeni, kandokando ya maji, kwenye kipande ambacho siku yoyote mtu anaweza kuja na karatasi na kumwambia pameuzwa. Dirisha langu haliwezi kushindana naye, na sitaki lishindane. Bidoni saba zinatoa majani ya kutia kwenye chungu, hazitoi mboga ya watu sita kila siku. Tukisema hidroponiki ya dirisha ndiyo jibu la njaa ya mji, tumemfuta yule mama na bonde lake bila kujua. Kwa hiyo la kwanza tunaloomba meya na jimbo ni hilo: mabonde ya bustani yaandikwe, yapimwe, yawe ya walimaji, na hati isomwe hadharani kwa Kiswahili na Kiluba. La pili, maji ya visima vya parseli yapimwe, matokeo yatangazwe mtaa kwa mtaa. Hapo anayelima ndani na anayelima bondeni wote wanajua wanaosha mboga kwa nini.

Na sasa ule mzigo wa Lubumbashi. Walituambia kulima ndani kunamtoa kijana kwenye shida ya ardhi na barabara. Mimi nimeona kinyume. Bustani isiyo na udongo haina akiba. Shamba likikosa mbolea, linazaa kidogo. Bidoni ikikosa mbolea, inakufa. Mlimaji wa dirisha anaitegemea reli na barabara kuliko bibi yangu wa Kabongo aliyepanda mihogo na kusahau. Gari-moshi likianguka, lori likikwama mvua, kile kifuko cha nitrati hakifiki, na mche wangu unageuka manjano ndani ya chumba kilichofungwa vizuri. Mwaka 2023 Zambia ilipobana mahindi yake na unga ukawa shida kubwa Lubumbashi, mahindi ya Kaniama-Kasese yalipakiwa kwenye gari-moshi kupelekwa huko. Reli ya Kaniama kwenda Lubumbashi haina njia nyingine, inapita hapa Kamina. Kumbe ile reli siku wakubwa wakitaka inatembea! Basi itembee pia kwa mbegu, kwa mbolea ya vifuko vidogo, kwa nyanya za mama wa kituo kidogo, bila kungoja bei ya unga ichome mji wa wenye migodi.

Wengine mtasema nimeanza na chupa nikafika kwenye reli. Ni kweli. Nilifuata tu mzizi ulikokuwa unavuta.

Kwa hiyo ninafanya yote mawili, na ninaomba mfanye yote mawili. Anza wiki hii na kitunguu kilichochipuka na chupa iliyokatwa. Ukipata mbolea ya kuyeyuka, nunueni watu watano pamoja, mgawane, andikeni kwenye kifuko kimetia nini, juu kwenye soko letu mbolea inauzwa kwa kikombe na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui namba za mfuko. Ziba matundu. Osha majani kwa maji yaliyochemshwa. Na siku mtu mwenye kiti akija kupiga picha mbele ya dirisha lako, mkaribishe, mpe chai ya mnanaa, halafu muulize habari ya bonde, ya kisima na ya reli kabla kamera haijazimwa.

Mimi ninaendelea. Bidoni saba ziko hai leo: nne za majani ya kitunguu, mbili za seleri, moja ya saladi ambayo bado siielewi. Juma lililopita Mamu wa parseli, yule yule, aliniomba miche ya seleri. Nilimpa miwili. Akaipanda kwenye udongo, karibu na pale anapomwaga maji ya vyombo. Inakua kuliko yangu.